Sauti Yangu Ilikwenda Sokoni Bila Mimi

Mtu akipigwa na kiharusi, siku hiyo hiyo watu huacha kuongea na yeye. Wanaanza kuongea na mke wake. Jambo hili liliniuma kuliko ugonjwa wenyewe na linaniuma mpaka leo, kwa hivyo mkiona nimeandika kwa hasira msiseme mzee ameharibika kichwa. Kichwa kiko sawa. Ni mdomo ulioenda upande.

Daktari alikuwa kijana, hata ndevu hazijamjaa. Alinishika mkono, mkono wangu mimi, halafu akageukia mke wangu. "Mama, mzee anasikia?" Anasikia. "Anakula?" Anakula. "Analia lia?" Analia. Na mimi niko hapo kitandani, macho wazi, nasikia mambo yangu yakiulizwa kama mtu anayenunua redio iliyotumika. Nilitaka kumwambia, kijana, niulize mimi. Neno nilikuwa nalo. Niliweza hata kuliona. Lakini lilifika kwenye meno likakataa kutoka, na badala yake yakatoka mate.

Wacha nirudi nyuma kidogo ili mjue ni mdomo gani ulioharibika.

Mimi niliuza sweta za mitumba katika soko la wazi la Nyeri kwa miaka mingi, tangu watoto wangu wakiwa wa kubebwa mgongoni. Shule niliiacha darasa la tatu, na si kwa sababu ya karo. Mwalimu alinichapa kwa kosa la mwenzangu nikaapa sitarudi, na baba yangu, ambaye hakuwa na mchezo, akasema sawa, basi shika jembe. Jembe nikalichukia kuliko mwalimu. Ndiyo maana nikaingia biashara. Watu hufikiri mtu anaanza biashara kwa akili. Wengine tunaanza kwa kukimbia jembe.

Na mahali pa kuuza sweta ni hapa kwetu. Anayebisha aje mwezi wa saba, asubuhi, wakati ukungu umeshuka kutoka mlimani na huwezi kuona ng'ambo ya barabara. Akina mama wanaotoka kuchuma majani chai wanafika mikono ikiwa imekufa ganzi. Mimi nilikuwa nafungua mzigo alfajiri. Zile nzuri za juu kabisa, ambazo sisi wa mitumba huziita kamera, nazitundika mbele, zile za kulegea shingo naziweka chini kwa karatasi ya nailoni, halafu nafungua mdomo.

Huo mdomo ndio ulikuwa duka. Wengine huuza kwa sura, wengine kwa uongo. Mimi niliuza kwa sauti. "Baridi haina shemeji! Vaa mama, vaa baba, mvalishe na yule mliyekosana!" Watu walikuwa wanacheka kutoka mbali na mtu akishacheka, mguu wake unamleta. Hata padri mmoja alinunua, akasema amekuja kwa sababu ya kelele.

Kifua kilipoanza kuchoka nilinunua kipaza sauti, hivi vidogo vya kushika mkononi ambavyo vinakumbuka maneno na kuyarudia kutwa. Nilijirekodi asubuhi moja nyuma ya vyoo vya soko, penye kimya. Katikati nilikohoa na sikurudia, kwa sababu nilikuwa nasikia harufu mbaya. Basi kila siku ya soko hicho chombo kilikuwa kinaita, kinakohoa, kinaita tena, nami napumzika nikinywa uji.

Halafu asubuhi moja nyumbani, kule Gatitu, kikombe cha chai kilianguka kutoka mkononi mwangu. Nikakitazama kama kikombe cha mtu mwingine.

Sitaki kueleza hospitali. Nilitoka. Mguu ulirudi, na mkono ukarudi kiasi. Mdomo ulikataa. Nikitaka kusema "maji" inatoka "ma", halafu kimya, halafu upande wa kushoto unachuruzika. Na watu wakaanza kuja kunitazama. Walikuja na unga na sukari, Mungu awabariki, lakini waliongea juu ya kichwa changu kana kwamba mimi ni meza. "Haki, alikuwa mtu wa maneno huyu!" Alikuwa! "Na vile alikuwa anachekesha." Nami ninakohoa makusudi ili wajue niko. Mwingine anamwambia mke wangu, mfunike, anasikia baridi.

Aliyezidi wote ni ndugu yangu mkubwa. Huyo alikuja na kofia yake mkononi, akakaa kwenye kiti changu, akasema, "Tumekaa kama familia tukaamua." Nani alikaa? Mimi si familia? Akasema wameamua nipumzike, nifuge kuku, na mahali pangu pa soko paachiliwe, maana kuna kijana wa vifuniko vya simu anapataka, na ameshaongea na mwenyekiti wa soko. Alikuwa anangojea mwisho wa mwezi tu.

Kuku! Mimi sijawahi kupenda kuku. Kuku ni ndege asiye na shukrani.

Nikajaribu kukataa. Ikatoka "Si... si... si..." Ndugu yangu akamgeukia mke wangu kwa upole, upole huo ndio ulinichoma, akasema, "Unaona? Anajichosha bure."

Sasa niseme ukweli, kwa sababu kuna watu watanisifu bure. Sikuwa na hasira peke yake. Nilikuwa na hofu. Usiku wa kuamkia siku ya soko nilikuwa silali, kama mtoto anayeenda kutahiriwa. Nilijiona nimesimama mbele ya wateja, mate yanaangukia sweta, watoto wananiangalia. Kwa hivyo ndugu yangu aliposema nipumzike, kuna sehemu yangu ndani ilishukuru. Ninaichukia sehemu hiyo.

Mke wangu alinipeleka ukumbi wa kanisa, kulikuwa na mtu wa suti amekuja kufundisha wafanyabiashara. Viatu vyake viling'aa hadi nikajiuliza amepita wapi, maana nje palikuwa matope. Akasema, "Hofu haiko popote isipokuwa akilini! Iambie hofu, toka!" Watu wakapiga makofi. Mimi nilitaka kumwambia, bwana, hofu yangu haiko akilini, iko hapa upande wa kushoto wa mdomo, inaonekana, hata ukitaka unaweza kuipangusa na kitambaa. Iambie itoke tuone.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Siku moja tulikuwa tunatoka kliniki, mimi na mke wangu, ilikuwa siku ya soko. Yeye akataka tupitie juu, barabara ya mbali. Nikaona ajabu, kwa sababu magoti yake yanamsumbua na njia ya chini ni fupi. Nikavuta mkono wangu nikashuka. Na kabla hata sijaliona soko, nikasikia mtu anauza sweta. "Baridi haina shemeji!" Nikacheka. Wallahi nilicheka, nikafikiri, huyu ni hodari. "Mvalishe na yule mliyekosana!" Halafu yule mtu akakohoa.

Miguu ikasimama yenyewe.

Mahali pangu palikuwa pametandikwa. Karatasi yangu ya nailoni, sweta zangu zilizobaki, na juu ya ndoo iliyopinduliwa kile kipaza sauti, kinaita. Nyuma yake alikuwa jirani yangu wa soko, mama wa Majengo anayeuza leso na mitandio, ambaye tumekaa bega kwa bega miaka yote, yeye na swala zake na mimi na kelele zangu. Ndiye peke yake aliyekuja kunitazama nikiwa mgonjwa akaniangalia machoni, akaniuliza, "Jirani, wataka chai au wataka niondoke?" akangoja nijibu, hata jibu likachelewa mpaka chai ikapoa. Sasa yeye ndiye anauza na sauti yangu!

Mbele yangu walikuwa wanawake wawili wanachagua. Mmoja akasema, "Si huyu mzee alikufa?"

"Alikufa," mwenzake akasema. "Lakini sauti yake ilikuwa tamu, acha iendelee tu."

"Mungu ampumzishe. Hii ni ngapi?"

Nimesimama nyuma yao! Na miguu yangu, na kofia yangu, na karatasi ya kliniki mkononi! Nilifungua mdomo niseme mimi ndiye, na kile chombo kikasema kabla yangu, kwa nguvu, bila kukwama hata neno moja. Nikafunga mdomo. Nikageuka nikaenda nyumbani.

Siku hiyo niligombana na mke wangu kwa vidole na miguno. Alijua. Wote walijua, hata watoto. Pesa ya sweta ndiyo tulikuwa tunakula, na mimi nilidhani ni ya kanisa.

"Ungetaka nifanye nini?" mke wangu akasema. "Soko la wazi halina mlango, halina karatasi. Mahali ni pako ukitandika na ukisikika. Ukinyamaza siku chache za soko, mtu anatandika yake. Si wewe ulinifundisha hivyo? Jirani akasema, leta hicho chombo, soko lisikie yuko."

"M-mbona..." nikasema.

"Mbona hatukukuambia? Ungelia."

Nikalia. Ugonjwa huu unakuliza hata kwa tangazo la sabuni. Lakini nililia kwa hasira, na hiyo ni tofauti, hata kama kwa macho inafanana. Wamenifanyia mema bila kuniuliza. Mema ya aina hiyo unamfanyia maiti: unamwosha, unamvisha, unamchagulia tai.

Siku ya soko iliyofuata niliamka kabla ya mke wangu, nikavaa. Akaniuliza naenda wapi, nikamwonyesha kwa kidevu. Alinitilia kitambaa safi mfukoni, cha mdomo.

Mama wa Majengo alikuwa anafungua leso zake. Akanitazama kutoka kofia hadi viatu.

"Jirani, umekuja kutazama au umekuja kuuza?"

Nikakaza. "Ku... za."

"Haya." Akaweka kidole kwenye swichi ya kipaza sauti. "Nizime?"

Hapo ndipo nilijua hofu ni nini. Chombo kinaita vizuri, wateja wanakuja, ningeweza kukaa nyuma yake kimya mpaka nife kweli, na hakuna ambaye angenilaumu. Yeye alingoja. Huyo mama anajua kungoja. Nikaitikia kwa kichwa, akazima.

Kimya kile! Sijui kama mnajua soko linavyokuwa kelele zako zikitoka. Ni kama jino limeng'oka. Nikaita, "Hweta!" Haikutoka sweta, ilitoka hweta, na upande wa mdomo ukachuruzika, nikapangusa. Muuza nyanya wa mbele akacheka. Akasema, "Mzee, unauza nini, hewa?" Na wenzake wakacheka. Nikaita tena. Hweta. Jasho linanitoka na baridi ile.

Akaja mwanaume mmoja amevaa koti la mvua, akachukua sweta ya kijani, akamwuliza mama wa Majengo, "Hii anauza ngapi?"

"Mimi nauza leso," akasema bila kuinua macho. "Mwenye sweta ana mdomo, muulize."

Yule mtu akaniangalia kama anaona kiti kimesimama. "Ngapi, guka?" Akaniita babu.

Nikasema, "Mia..." nikakwama. Nikataka kusema mbili. Yeye akaona haya kungoja, akanisaidia. "Tatu?" Nikatikisa kichwa, maana si tatu. "Nne? Aa, mzee, nne ni nyingi, shika tatu na nusu, mimi niko na haraka." Akalipa akaenda. Mama wa Majengo akafunika uso na leso, mabega yakitetemeka. Mimi mwenyewe nilicheka. Lakini msifikiri ndiyo nikapona. Waliofuata wawili waliona mate wakaweka sweta chini polepole, kama kitu chenye ugonjwa, wakaenda. Hao siwasahau.

Karibu na saa sita mwenyekiti wa soko akaja, na nyuma yake yule kijana wa vifuniko vya simu, amebeba nailoni yake imekunjwa chini ya kwapa. Mwenyekiti ni mtu wa rika langu, tumekunywa soda pamoja. Alinipita kama mlingoti wa nyaya za stima, akamwambia mama wa Majengo:

"Mama, toa hivi vitu. Hapa pameachwa. Ndugu yake alikuja akasema."

"Mwenyewe huyu hapa."

"Namwona. Lakini mtu mgonjwa hafai kupewa maneno mengi, atapata presha. Mwambie aende nyumbani, tutamwona na kitu kidogo."

Mwambie! Nikiwa hapo, hatua moja kutoka tumbo lake! Nikafungua mdomo niseme sijaachia. "Si..." nikasema. "Si... si..." Kama kwa ndugu yangu. Kijana wa vifuniko akaangalia chini, angalau yeye alikuwa na aibu. Mwenyekiti akanipiga piga begani, "Sawa mzee, sawa, tulia," na akapiga hatua mbele ili amwonyeshe kijana mpaka unafika wapi, na akakanyaga. Na viatu vya matope. Juu ya sweta nyeupe ya mtoto, kamera ya kamera, niliyokuwa nimemwekea mteja wangu wa zamani.

"Toa hiyo miguu yako kwa sweta yangu, ng'ombe wewe!"

Sikujua ni mimi. Nilitazama kama ni kile chombo kimewashwa. Soko lote liligeuka, hata watu wa viazi kule chini. Neno lilitoka lote, mwanzo hadi mwisho, bila mate. Baadaye daktari alisema matusi hukaa upande wa kichwa tofauti na wa maneno mengine, ndiyo maana hutoka. Sijui. Mimi nasema lilitoka kwa sababu lilikuwa limengoja tangu hospitali.

Mwenyekiti alitoa mguu. Uso ukamvimba. Halafu akafanya kosa ambalo ni mtu wa kamati ya soko letu tu angeweza kulifanya, kwa vile kamati yetu inapenda nyama kuliko inavyopenda amani. Akainua kidole mbele ya watu wote akasema:

"Umenitukana sokoni! Faini ya mbuzi! Nyinyi wote ni mashahidi. Siku ya soko inayokuja nataka mbuzi hapa!"

Watu wakapiga kelele ya furaha, ati nyama.

Mama wa Majengo alikuwa anakunja leso. Aliikunja mpaka mwisho, pembe kwa pembe, akaiweka. "Mwenyekiti," akasema, "niulize jambo, mimi si mwenyeji wa mila zenu. Mtu wa nje akikutukana sokoni, mnamfanya nini?"

"Tunamfukuza."

"Na anayepigwa faini ya mbuzi ni nani?"

Mwenyekiti akafungua mdomo. Safari hii ni yeye aliyekwama. Muuza nyanya, yule yule aliyenicheka, ndiye alipiga kelele: "Ni mwenye mahali! Faini ni ya mwenye mahali peke yake! Mwenyekiti, umempatia mzee mahali yake na mdomo yako!" Na soko likacheka kicheko ambacho nilikuwa sijakisikia tangu niugue, na safari hii hawakunicheka mimi.

Mwenyekiti angeweza kufuta faini. Lakini angefuta na nyama, na mashahidi walikuwa wameshaanza kubishana nani atachoma. Akatazama kushoto na kulia. "Kumbe anaongea," akamwambia kijana wa vifuniko.

"Na-o-ngea," nikasema. Hilo halikutoka vizuri. Lakini nilimwambia yeye, usoni, nikangoja mpaka akaniangalia. "Mimi. Na-o-ngea."

Kijana wa vifuniko alikunja tena nailoni yake, ambayo hata hakuwa ameikunjua, akaenda kutafuta mahali karibu na barabara. Ndugu yangu alipopata habari alisema nimeaibisha familia kwa matusi. Familia! Aje aseme hapa sokoni, nimwone.

Mama wa Majengo aliweka sharti lake: mbuzi achinjwe na mtu wa msikiti, la sivyo yeye hali, na asipokula faini haijatimia. Wakakubali. Basi nikaenda kununua mbuzi. Mke wangu akataka aongee yeye, kwa sababu wenye mifugo wanaotoka upande wa Doldol ni wagumu wa bei. Nikamwonyesha jiwe akae hapo.

Mwenye mbuzi alikuwa mzee kama mimi, amejifunga shuka, na Kiswahili chake kilikuwa kibovu kuliko changu. Akasema neno lake nusu, nikasema langu nusu. Akashika mgongo wa mbuzi akanionyesha mafuta. Nikashika mbavu nikamwonyesha mifupa. Akatikisa kichwa, nikatikisa changu. Mate yakanichuruzika akayaona, akatema yake chini, akaendelea na biashara. Tulikaa hapo mpaka jua likazunguka, watu wawili wasiojua kuongea, tukibishana, na hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa katikati yetu.